Taa ya Mbele ya Kuchaji kwa Baiskeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nashuka na baiskeli kutoka Kisarawe kwenda mjini kabla hakujapambazuka, safari moja na wabeba mkaa na wauza maziwa. Kwa miaka yote hiyo taa saba zimefia mikononi mwangu, na hakuna hata moja iliyokufa kwa kuungua balbu. Nyingi bado ninazo kwenye kopo la rangi chini ya kitanda. Watu wakiniuliza wanunue taa gani, huwa nalitoa hilo kopo kwanza, ndipo tuongee.

Nianze kuangalia nini, lumeni, yaani wingi wa mwanga?

Hapana, ingawa maandishi makubwa ya boksi yatakuvuta huko. LED yenyewe, kile kidude kinachotoa mwanga, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote ndani ya taa. Haina kile kiwaya chembamba cha balbu ya zamani, na isipochemka kupita kiasi huwaka maelfu ya saa. Kinachokufa ni vile vilivyoizunguka. Kati ya saba zangu, mbili tundu la chaji lililegea mpaka likaacha kupokea umeme; mbili zilidondoka barabarani baada ya kishikio kukatika; mbili betri ilichoka, zikawa zinazima kabla sijafika Gongo la Mboto; na moja iliingia maji kwenye swichi. Kwa hiyo ukitaka taa ya kudumu, chunguza kwanza betri, tundu la chaji, kishikio na mpira wa kuzuia maji. Mwanga uwe swali la tano.

Haya, tufike huko kwenye mwanga. Lumeni ngapi zinatosha?

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, uwe umekwenda barabarani au umepotelea kwenye miembe. Ili upate picha: balbu ya zamani ya sebuleni ya wati 60 ilitoa karibu lumeni 800, na taa ya gari ya balbu ya H4 ikiwa imeinamishwa hutoa kama 1,000.

Hesabu ya barabarani ndiyo ya maana zaidi. Ukienda kilomita 25 kwa saa unamaliza karibu mita 7 kila sekunde. Jicho lione shimo, akili ielewe, mkono ukamate breki: weka sekunde moja na nusu. Hapo umeshakwenda mita 10 na breki bado haijauma. Ongeza mita za kusimama, na kama una Phoenix yenye breki za vyuma, tairi limelowa na nyuma kuna magunia, ongeza nyingi. Mimi nataka nione mita 30 mbele yangu. Kwenye mteremko wa Pugu, ambako baiskeli hufika kilomita 40 kwa saa bila kukanyaga pedali, unapita mita 11 kwa sekunde na hata hizo mita 30 huwa chache.

Kwa uzoefu wangu, lumeni 200 zinakutosha mjini penye taa za barabarani, maana hapo kazi kubwa ya taa ni wewe kuonekana. Lami yenye giza inataka 400 hadi 500. Barabara ya vumbi yenye makorongo, au miteremko mirefu, inataka 700 hadi 1,000. Zaidi ya hapo kwenye barabara ya tambarare unachoma betri yako na macho ya wenzako.

Mbona sokoni kuna taa ya lumeni 10,000, na bei yake ni kama sahani mbili za pilau?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo namba imetembezwa.

Tupige hesabu. LED nzuri pamoja na saketi yake hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja. Lumeni 10,000 zinahitaji wati 100. Betri moja ya 18650, ile ya mviringo inayokaribia unene wa kidole gumba, ina akiba ya karibu wati 11 za saa moja. Igawe: dakika sita na nusu imekwisha, na ganda la taa litakuwa la moto kuliko sufuria. Hakuna anayeuza kitu cha namna hiyo kwa bei ya pilau. Taa ile kwa kawaida ni ya lumeni mia chache, na pengine ingekuwa taa ya kufaa tu kama isingesingiziwa ukubwa.

Maandishi kama T6 yaliyochapwa ubavuni nayo yasikutishe. Hiyo T6 ilianza kama daraja la mwanga la LED moja maalumu, ambayo ikisukumwa mpaka mwisho ilifika karibu lumeni 1,000. Siku hizi inapigwa mhuri kwenye chochote kinachowaka.

Boksi linasema inawaka saa 10. Niamini?

Jiulize: saa 10 kwa mwanga upi? Taa huwa na ngazi tatu au nne, na boksi hupenda kutaja lumeni za ngazi ya juu na saa za ngazi ya chini, kana kwamba ni kitu kimoja.

Hata watengenezaji waaminifu wanaofuata kipimo cha Kimarekani kiitwacho ANSI FL1 huhesabu muda mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ulivyoanza. Maana yake taa iliyoanza na lumeni 500 inahesabiwa "inawaka" mpaka ibaki na 50. Kwa kutafuta ndala chini ya kitanda, sawa. Kwa kushuka Pugu, umeshabaki gizani.

Fanya hesabu yako mwenyewe, haihitaji shule kubwa. Chukua mAh za betri, ile namba ya akiba yake iliyoandikwa ubavuni, zidisha kwa 3.6, ambazo ni volti zake, gawanya kwa 1,000. Betri ya 3,000 mAh inakupa 10.8, hizo ni wati za saa moja. Lumeni 500 zinakula kama wati 5, kwa hiyo unapata saa mbili na dakika chache. Lumeni 250, saa nne na kitu. Mtu akikuambia lumeni 500 kwa saa 8, taa yake inahitaji betri nne za namna hiyo ndani, na utazisikia kwa uzito tu ukiishika.

Halafu kuna tofauti ya tabia. Taa nyingine huanza kali na kufifia kidogokidogo toka dakika ya kwanza. Nyingine hushikilia mwanga uleule, ikakuonya kwa kitaa chekundu, kisha ikashuka ngazi. Hii ya pili ndiyo ya kununua. Ile ya kwanza inakudanganya taratibu, kwa sababu macho yanazoea giza na hujui kwamba umeacha kuona mashimo.

Betri ya ndani isiyotoka, au ya kutoa?

Hapa ndipo nasimama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine, kwa sababu hapa ndipo hela zinapotea.

Betri ya lithiamu huchoka. Baada ya kujazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500, nyingi hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake, na kuanzia hapo mteremko ni mkali. Anayeendesha kila siku na kuchaji kila usiku anafika hapo katika mwaka mmoja au mmoja na nusu. LED bado mpya kabisa, ganda zima, kishikio kizima, lakini taa haimalizi safari. Kama betri imezibwa ndani kwa gundi, umezika taa nzima kwa sababu ya kitu kimoja. Kama inafunguka kwa kuzungusha kifuniko, unanunua betri nyingine na maisha yanaendelea.

Kwa hiyo mimi nasema: ya kutoa, na iwe ya saizi ya kawaida, 18650 au 21700. Namba hizo ni vipimo tu. Ya kwanza ina upana wa milimita 18 na urefu wa 65, ya pili milimita 21 kwa 70. Faida nyingine ni kwamba unatembea na ya akiba mfukoni. Taa ikiisha njiani unabadilisha kama unavyobadilisha kaseti, kwa wanaokumbuka kaseti.

Jihadhari na taa ambayo betri inatoka lakini ina umbo lake lisilofanana na la mwingine yeyote. Ikifa utaitafuta mji mzima. Uliza kabla ya kulipa: betri ya akiba mnayo, hapa hapa, leo? Muuzaji akijibu "itakuja", hesabu kwamba hakuna.

Za kuzibwa nazo zina upande wao. Huzuia maji vizuri zaidi, ni nyepesi, na hazina springi ya kulegea kwa mtikisiko. Mtu anayeendesha mara moja kwa wiki itamfaa miaka.

Nitaijuaje 18650 halisi?

Soma namba kwanza. Betri bora za saizi hiyo nyingi zinaishia karibu 3,600 mAh. Ukiona 6,800 au 9,900, umeshapata jibu, irudishe mezani. Muuzaji wa kweli hana sababu ya kuandika miujiza.

Pili, pima. 18650 halisi ina gramu 45 hadi 50. Za uongo huwa nyepesi sana, nyingine gramu 30 na kitu, kwa sababu ndani ya ganda pana kibetri kidogo na nafasi tupu. Mizani ya jikoni inatosha. Mimi niliwahi kupimiwa na jirani anayeuza viungo, akanicheka, lakini betri nilirudisha.

Betri zilizofumuliwa kwenye kompyuta za mkononi zilizokufa nyingine ni nzuri kweli, ila zimeshafanya kazi. Nunua kwa fundi mwenye kifaa cha kupima uwezo, akuonyeshe mAh zilizobaki.

Betri zenye kisaketi cha kinga ndani yake huwa ndefu kidogo, milimita 68 hadi 70, na taa nyingine hazifungi zikiwekwa. Nenda na taa yako dukani. Usitembee na betri wazi mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Vyuma vikiunganisha ncha mbili zitachemka na zinaweza kuwaka moto. Ganda la plastiki la juu likichanika, acha kuitumia mpaka livishwe jingine. Iliyovimba haina dawa. Na usiipasue kuona kilichomo, hata kama mimi nimekuchokoza kwa kusema ndani pana kibetri.

IPX4, IP65, IP67: hizi herufi zina maana gani wakati wa masika?

Ni alama za taa inavyozuia vitu kuingia: namba ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. X haimaanishi sifuri, inamaanisha hakuna aliyepima. Vumbi likiwa 6, haliingii kabisa. Maji yakiwa 4, taa inavumilia kurushiwa maji kutoka pande zote. 5 inavumilia bomba. 7 inavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30.

Kwa mvua ya kawaida IPX4 inatosha, ila hapa kwetu naangalia zaidi namba ya vumbi. Wanaopita barabara za vumbi za Tabora au Shinyanga wakati wa kiangazi watafute 6 mbele. Taa iliyojaa vumbi la unga kwenye lenzi inafifia hata betri ikiwa mpya.

Namba hizo zote zinahesabiwa kifuniko cha tundu la chaji kikiwa kimefungwa, na mpira wake ungali mpya. Kile kiulimi cha mpira kikikatika, IP67 yako imekuwa mapambo. Tena maji yaliyotumika kupimia hayana chumvi. Wa Tanga, Bagamoyo, Mombasa na Unguja wanajua upepo wa bahari unavyokula vyuma. Paka vaselini kidogo sana kwenye skrubu za kishikio. Kwenye mpira wa ndani tumia grisi ya silikoni, maana vaselini hulegeza baadhi ya mipira.

Tundu la chaji liwe la aina gani?

Type-C. Linaingia upande wowote, kwa hiyo hulilazimishi gizani, na waya wake ni ule wa simu za sasa. Yale matundu madogo ya zamani, yenye upande mmoja tu, ndiyo yaliyoniulia taa mbili: mkono una usingizi, waya umegeuzwa, unasukuma, na siku moja kinang'oka kutoka kwenye saketi.

Kuna kituko kimoja. Baadhi ya taa zina tundu la Type-C lakini zimenyimwa vikinzani viwili vidogo vinavyouambia upande wa pili "nipe umeme". Ukitumia waya wenye Type-C pande zote mbili, hazipokei chochote, na watu wanadhani zimekufa. Chukua waya wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja, ule wa kawaida. Itachaji.

Ukiweza kupata taa ambayo betri unaitoa na kuichaji kwenye chaja yake ya pembeni, tundu la taa halitachoka kamwe, maana huligusi.

Kishikio cha mpira au cha kufunga kwa skrubu?

Cha mpira kinakubali usukani wa unene wowote na kinatoka upesi, jambo la muhimu ukisimama sokoni na hutaki taa iondoke na mtu mwingine. Ubaya wake ni jua. Mpira ukianikwa miezi sita unapata nyufa ndogo pale penye mkunjo, na siku ukivuta kama kawaida unakatika. Uvute leo uutazame. Ukiona nyufa, usingoje.

Cha skrubu hakichezi kwenye makorongo, lakini pima usukani wako kwanza. Baiskeli zetu nyingi za kazi zina bomba la milimita 22.2 karibu na mikono na 25.4 katikati, baiskeli mpya za milimani nyingi zina 31.8. Kishikio kikiwa kikubwa kidogo, kata kipande cha mpira wa tyubu ya ndani uzungushie. Huo ndio ufundi wetu na hakuna kiwanda kinachoushinda.

Halafu funga kamba. Kamba nyembamba kutoka kwenye taa hadi kwenye usukani, kama ya miwani. Taa zangu mbili zilizodondoka, moja ililiwa na tairi la lori mbele ya macho yangu.

Wenzangu wananilalamikia nawamulika usoni. Nifanyeje?

Wana haki. Taa nyingi za kuchaji zina umbo la tochi: mwanga wa duara, nusu yake unakwenda angani na usoni mwa watu. Ujerumani hawakubali hilo barabarani. Sheria yao inataka taa ya baiskeli ikatwe juu kama ya gari, ing'ae chini kwa angalau luksi 10 (kipimo cha mwanga unaofika mahali) umbali wa mita 10, na juu ya mstari ibaki hafifu. Taa zilizopita mtihani huo huwa na alama ya wimbi dogo, herufi K na namba. Ukikuta moja mtumbani, ichukue. Lumeni 300 zilizopangwa hivyo zinaonyesha barabara vizuri kuliko 800 za duara, kwa sababu hakuna zinazopotea.

Kama unayo ya duara, iinamishe kwa ukuta. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, kwenye sakafu sawa, mzigo wako wa kawaida ukiwa juu. Taa ikiwa kimo cha mita moja, kitovu cha mwanga kiguse ukuta kama sentimita 70 hadi 75 kutoka chini. Hapo kitakutana na barabara mita 17 hadi 20 mbele yako, na mwanga wa pembeni utafika mbali zaidi. Ukibadilisha mzigo, angalia tena: gunia nyuma linainua taa mbele.

Mweupe mkali au wa manjano?

Mweupe wenye ubuluu huonekana una nguvu dukani. Kwenye vumbi, mvua na ukungu, kama ule wa Lushoto asubuhi, unajenga ukuta mweupe mbele yako. Mimi napenda uliopoa kidogo, kati ya 4,000 na 5,000 kwenye kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. Udongo mwekundu unaonekana mwekundu na shimo linaonekana shimo.

Ile ya kuwaka na kuzima?

Nyuma, ndiyo, taa nyekundu ukitaka. Mbele gizani, hapana: huoni barabara, na dereva anayekuja anashindwa kukadiria uko umbali gani.

Siwezi kutumia tochi ya kichwani, au ya simu?

Ya kichwani inafaa kama msaidizi, kwa sababu inakwenda unapotazama. Ikiwa peke yake inafuta vivuli vya mashimo, maana mwanga unatoka palepale yalipo macho, na bila kivuli shimo linaonekana tambarare. Taa ya usukani iko chini, inachora kivuli. Pia jaribu kuivaa msimu wa kumbikumbi. Nimeshameza.

Simu iache mfukoni.

Dinamo imepitwa na wakati?

Haijapitwa. Dinamo ya kawaida ya baiskeli ni volti 6 na wati 3, haihitaji chaji, na haisahauliki nyumbani. Mzee wangu alizunguka nayo miaka mingi na kilichobadilishwa kilikuwa balbu tu. Shida zake mbili tunazijua: inasugua tairi na kukuchosha, na ukisimama inazima, yaani pale pale katikati ya makutano unapohitaji kuonekana. Ukiweka LED badala ya balbu, zile wati 3 zinakuwa mwanga wa heshima. Kwa anayeishi mbali na umeme, bado ningemshauri dinamo yenye LED, na taa ndogo ya kuchaji kwa ajili ya kusimama.

Umeme kwetu ni wa mgao. Nitachajije?

Betri mbili, moja kwenye taa na moja kwenye chaja, ndilo jibu la kwanza. La pili ni sola. Paneli ya wati 5 yenye tundu la USB inajaza betri ya 3,000 mAh kwa jua zuri la saa tatu hadi nne. Weka paneli juani na taa kivulini chini yake. Nimeona watu wakianika taa yenyewe juu ya paneli. Joto hilo linaiua betri haraka kuliko safari zote.

Kibanda cha kuchajia simu nacho kinafaa, ila mwambie mwenye kibanda kwamba betri ina lithiamu, isiwekwe juu ya jiko wala karibu na redio inayochemka.

Niitunzeje ili idumu?

Usiimalize kabisa kila siku. Ichaji ikiwa imebaki robo. Usiiache kwenye chaja siku tatu mfululizo. Ikitoka barabarani ya moto, iache ipoe kabla ya kuchaji. Ukisafiri miezi miwili, iache na chaji nusu mahali penye baridi ya kawaida, isiwe tupu. Ngazi ya juu itumie kwenye giza na miteremko tu, na ukiingia penye taa za barabarani shusha.

Taa kali ikiwaka umesimama, hakuna upepo wa kuipoza, nayo hujipunguza yenyewe. Huo si ubovu. Ndivyo taa nzuri inavyojilinda, na ile isiyojipunguza ndiyo ya kuogopa.

Kumbuka jua letu halina subira. Dar es Salaam linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, mwaka mzima, na ndani ya nusu saa ni giza. Taa ikae kwenye baiskeli tangu mchana.

Dukani nifanye nini kabla ya kutoa hela?

Itikise karibu na sikio. Kitu kikigonga ndani, iache. Bonyeza swichi mara ishirini, tena kwa kidole chenye jasho. Iwashe ngazi ya juu, kisha igonge kiganjani mara kadhaa kwa nguvu ya kadiri: mwanga ukipepesa hata mara moja, makorongo yatauzima. Fungua kifuniko cha chaji na kukifunga, uone kama kinakaa chenyewe au kinataka kulazimishwa. Chomeka waya wako mwenyewe, utingishe kidogo, uangalie kama kitaa cha chaji kinakatika. Fungua sehemu ya betri, tafuta ile pete nyeusi ya mpira. Kama haipo, maji yatakuwepo. Mwisho ipeleke kwenye kona yenye giza, umulike ukuta.

Muuzaji atakereka. Wengine wamenikatalia, na mimi nikawashukuru nikaenda duka la pili.

Kuhusu bei, sipendi kutaja, kesho itakuwa nyingine. Gawa bei kwa miezi unayotarajia itadumu, kwa kweli si kwa matumaini. Mwaka nilionunua taa tatu za bei ya chini mfululizo nilitumia zaidi ya bei ya ile moja niliyoiogopa mwanzoni.

Sheria inasema nini?

Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usafiri barabarani unataka baiskeli iweze kuonyesha mwanga mweupe au wa manjano mbele na mwekundu nyuma, pamoja na kiakisi chekundu. Kiakisi hakina betri wala swichi. Kifute vumbi, na usiondoe vile vya kwenye spoki na pedali kwa sababu ya urembo.

Taa ikifa, fundi anaweza kuifufua?

Mara nyingi, kama inafunguka. Ndiyo maana natafuta skrubu kwenye ganda kabla ya kutafuta lumeni. Tundu la chaji lililong'oka, fundi simu yeyote mwenye mkono mzuri analichomelea jingine. Swichi ni kitu cha bei ndogo. Betri ya kuzibwa hubadilishwa kama ganda halikugundishwa, ila fundi aweke yenye volti ileile, na asichomelee waya moja kwa moja kwenye betri kwa joto la muda mrefu. Inaharibika ndani bila kuonekana.

Kati ya zile saba, mbili za tundu zilipona hivyo. Moja nilimpa kijana wa jirani anayepeleka maziwa Gongo la Mboto. Nyingine iko usukanini sasa hivi, ina tundu lisilofanana na ganda lake, na kamba ya miwani.